Ni brusela ya ng'ombe au ya mbuzi? Namna maabara inavyofikia jina kamili la bakteria

Afisa mifugo mmoja ameniandikia kuhusu zizi ambamo ng'ombe na mbuzi huchungwa pamoja na kulala pamoja. Ng'ombe watatu wametupa mimba za miezi saba hivi, mbuzi hawajatupa, na mchungaji aliyevuta makondo ya nyuma kwa mikono mitupu ana homa inayopanda jioni, jasho la usiku na maumivu ya kiuno ambayo yamedumu wiki nyingi. Kipimo cha damu cha Rose Bengal, kinachotafuta kingamwili za brusela, yaani bakteria wa jenasi ya Brucella, kimetoa jibu chanya kwa ng'ombe na kwa mchungaji pia. Ute wa uke wa ng'ombe mmoja ulipelekwa kupimwa kwa PCR, kipimo cha vinasaba, na jibu limerudi limeandikwa: "Brucella imeonekana, spishi haijabainishwa." Anauliza: "Daktari, kwa nini maabara haikusema ni brusela ipi, niombe kipimo gani, na je, inawezekana kujua kama mchungaji aliambukizwa na ng'ombe au na mbuzi?"

Ndugu Afisa, nianze na jibu lenyewe. Inawezekana kujua, lakini si kwa damu uliyokwisha kupima, na pengine si kwa ule ute uliotuma. Jina la spishi, na zaidi jina la nasaba (ukoo ndani ya spishi), hutoka kwa bakteria mwenyewe au kwa vinasaba vyake vikiwa vingi na safi. Kingamwili haziwezi kulitoa hata ukirudia kipimo mara kumi, kwa sababu ambayo ni vizuri uifahamu kabla hujaagiza kipimo kingine chochote.

Rose Bengal ni bakteria waliouawa na kutiwa rangi ya waridi. Tone lao likichanganywa na tone la seramu, yaani maji ya damu, yenye kingamwili, huganda vijipunje vinavyoonekana kwa macho ndani ya dakika 4. Bakteria hao ni wa spishi ya Brucella abortus, ile ya ng'ombe, lakini seramu ya mbuzi mwenye Brucella melitensis huwagandisha vilevile. Kingamwili hushika mnyororo wa sukari ulioko juu ya ganda la nje la bakteria, na mnyororo huo unafanana mno katika B. abortus, B. melitensis na B. suis ya nguruwe. Unafanana hata na ule wa Yersinia enterocolitica ya kundi O:9, bakteria wa tumbo asiyehusika kabisa na kutupa mimba, na ndiyo maana mara nyingine mnyama asiye na brusela hutoa jibu chanya. Kinyume chake, B. ovis ya kondoo na B. canis ya mbwa hazina mnyororo huo, kwa hiyo Rose Bengal huzipita bila kuziona. Basi jibu chanya la damu linakuambia kwamba mwili umekutana na jamii hii, na kwa mchungaji mwenye dalili alizo nazo jibu hilo lina uzito mkubwa, ila halikuambii ni nani katika jamii hiyo.

Kuhusu mbuzi wako ambao hawajatupa mimba, nakusihi usiwatoe kwenye hesabu. Mwaka 1887 David Bruce alimtoa bakteria wa mbuzi, B. melitensis, kwenye bandama za askari waliokufa kwa homa kisiwani Malta, lakini chanzo cha homa hiyo hakikujulikana hadi mwaka 1905, Themistocles Zammit alipopima mbuzi wa kisiwani na kukuta kwamba wanyama waliokuwa wazima wa kutazama, wanaotoa maziwa kama kawaida, ndio waliokuwa wamembeba. Huko Denmark, Bernhard Bang alikuwa amekwisha kumpata bakteria wa ng'ombe wanaotupa mimba mwaka 1897, na kwa zaidi ya miaka 20 wataalamu waliwaona bakteria wa Malta na wa Denmark kuwa wageni wasiojuana. Aliyewaweka mezani pamoja ni Alice Evans wa Marekani, na utafiti wake wa mwaka 1918 ulionyesha kwamba wanakaribiana kiasi cha kuwa vigumu kuwatenganisha. Ugumu alioukuta yeye ndio huo huo uliokurudishia jibu lisilo na jina la spishi.

Tangu wakati huo tumepata vipimo vingi, lakini ukaribu haujapungua. Jenomu ya Brucella, yaani vinasaba vyake vyote, ina herufi kama milioni 3.3, kwa kawaida zimegawanyika katika kromosomu mbili, moja ya milioni 2.1 hivi na nyingine ya milioni 1.2, na ukilinganisha spishi za zamani unakuta zinafanana kwa zaidi ya asilimia 97. Jeni ya 16S, ambayo maabara nyingi huitegemea kutambua bakteria wa kila namna, haina tofauti yoyote ya kukusaidia kati ya B. abortus na B. melitensis. Mwaka 1985 wako waliopendekeza kwamba zote ziitwe spishi moja, na kwa upande wa vinasaba peke yake hoja yao ilikuwa na nguvu. Kwa upande wa zizi na hospitali, hata hivyo, majina ya zamani yana kazi, kwa kuwa yanaeleza ni mnyama gani anayemtunza bakteria na ni kwa ukali gani anamshika binadamu, B. melitensis ndiyo inayowaumiza watu wengi zaidi na kwa ukali zaidi. Nashukuru kwamba majina hayo yalirudishwa.

Sasa nifike kwenye ule ute wako. PCR hutafuta kipande maalumu cha vinasaba na kukizidisha mpaka kionekane. Kipimo cha jenasi, yaani cha kundi zima la Brucella, hulenga kipande kilichomo katika kila Brucella, kama jeni ya bcsp31, au kile kiitwacho IS711 ambacho kina nakala kadhaa ndani ya bakteria mmoja, na wingi huo wa nakala hukifanya kipimo kuwa kikali hata bakteria wakiwa wachache. Kipimo cha spishi kina kazi ngumu zaidi. Bruce-ladder, kwa mfano, huendesha jozi 8 za vianzishi (vipande vifupi vya vinasaba vinavyoonyesha mahali pa kuanza kuzidisha) katika mrija mmoja na kusoma mpangilio wa mistari inayojitokeza kwenye jeli: mstari wa herufi 1071 upo kwa B. melitensis lakini haupo kwa B. abortus, kwa sababu B. abortus imepoteza kipande cha herufi zipatazo 25,000 mahali pale. Kipimo hiki kiliundwa kwa vinasaba vilivyotolewa kwa bakteria walioota maabara. Ukikipa ute mkavu kwenye pamba, wenye bakteria wachache na uchafu mwingi unaozuia kimeng'enya kufanya kazi, mistari mingine hujitokeza na mingine hukosekana, na mstari uliokosekana kwa upungufu wa vinasaba hauna tofauti machoni na mstari ambao haupo kwa asili ya bakteria. Maabara iliyokataa kutaja spishi kwa sampuli ya namna hiyo ilifanya kazi yake kwa uaminifu.

Kuna tahadhari nyingine ya kuuliza. Ziko maabara ambazo bado hutumia kipimo cha AMOS cha mwaka 1994, na kipimo hicho katika umbo lake la kwanza hutambua baiova, yaani vikundi vidogo ndani ya spishi, 1, 2 na 4 tu za B. abortus. Baiova 3, ambayo hupatikana kwa ng'ombe wengi wa Afrika, haionekani kabisa. Mtu akipata jibu hasi la AMOS akadhani ng'ombe hana brusela, atakuwa amedanganywa na kipimo ambacho hakikutengenezwa kwa ajili ya ng'ombe wake. Kwa hiyo usiulize tu kama sampuli ilipimwa kwa PCR. Uliza ni PCR ipi, inalenga kipande gani, na baiova zipi haizioni.

Njia iliyo bora kwako, kwa maoni yangu, ni kumwotesha bakteria, na mafanikio ya kazi hiyo huamuliwa zizini kabla ya sampuli kufika maabara. Ng'ombe anapotupa mimba, kondo la nyuma na maji ya uzazi hubeba mabilioni ya bakteria kwa gramu moja. Wiki chache baadaye wanapungua sana kwenye njia ya uzazi. Siku ya tukio, chukua kiowevu kilichomo tumboni mwa ndama aliyetupwa kwa kukivuta kwa sindano safi, kipande cha bandama, kipande cha pafu, na sehemu ya kondo yenye vifundo vilivyovimba au kuwa na usaha. Kiowevu cha tumbo la ndama ndicho ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu mara nyingi hakijachanganyika na bakteria wa samadi. Kwa ng'ombe ambao wamekwisha kutupa, chukua maziwa ya chuchu zote nne, ukimwaga michirizi ya kwanza. Kwa mbuzi, chukua maziwa na ute wa uke wa wale waliozaa karibuni, hata kama walizaa salama. Mnyama akichinjwa, tezi za limfu zilizo nyuma ya koo na zile za juu ya kiwele hubaki na bakteria muda mrefu. Weka kila kitu kwenye barafu, usitie formalini, fungasha kwa tabaka 3 zisizovuja, na uandike juu ya kifurushi kwamba unashuku brusela. Vaa glavu ndefu, barakoa na miwani. Bakteria 10 hadi 100 wakivutwa kwa pumzi wanatosha kumwambukiza mtu.

Nasisitiza maandishi yale ya juu ya kifurushi kwa sababu ya jambo nililolishuhudia. Katika maabara moja ililetwa chupa ya damu ya mgonjwa wa homa bila maelezo yoyote. Bakteria aliota, fundi akamfungua kwenye meza ya kawaida, akamtia kwenye kadi ya vipimo vya kemia, na kadi ikamtaja kuwa Ochrobactrum, bakteria wa udongo asiye na madhara makubwa. Kosa hilo ni la kawaida, kwa kuwa jamii hizo mbili ni ndugu wa karibu, kiasi kwamba mwaka 2020 ilipendekezwa Ochrobactrum zihamishiwe ndani ya jenasi ya Brucella, hatua ambayo wengi wetu tunaofanya kazi na ugonjwa huu tunaiona kuwa ya hatari kwa usalama wa watu. Kilichomwokoa fundi yule ni mwenzake mzee aliyeitazama sahani: vidoa vya milimita 1 hadi 2, mviringo kamili, vya rangi ya asali hafifu mwanga unapopita ndani yake, vilivyochelewa kuonekana hadi siku ya nne. Aliifunika sahani papo hapo na kuagiza ihamishiwe kwenye chumba cha usalama wa ngazi ya 3. Wote waliokuwa chumbani walianzishiwa doksisaiklini na rifampisini kwa wiki 3 na kupimwa damu kwa miezi kadhaa.

Maabara ikipokea sampuli zako, hupaka kwanza sehemu ya kondo kwenye kioo na kuitia rangi kwa njia ya Stamp. Brucella huonekana kama vijiti vifupi vyekundu, karibu kuwa mviringo, vimerundikana ndani ya seli zenye rangi ya buluu. Picha hiyo ni nzuri lakini haitoshi, kwani Coxiella burnetii na Chlamydia abortus, ambazo nazo husababisha kutupa mimba, zinaweza kufanana nayo. Kisha sampuli hupandwa kwenye sahani mbili zenye chakula tofauti cha bakteria: moja ya Farrell, yenye antibiotiki 6 za kuzuia bakteria wengine, na nyingine isiyo kali kiasi hicho, kwa kuwa antibiotiki za Farrell huzuia hata baadhi ya nasaba za B. abortus na B. melitensis zenyewe. Sahani huwekwa kwenye nyuzi 37 pamoja na kaboni dioksidi ya asilimia 5 hadi 10, na hutazamwa kwa siku nyingi kabla ya kutangazwa kuwa tupu. Kwa mchungaji, damu ichukuliwe wakati homa ipo na kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki. Mashine za kisasa kwa kawaida humwonyesha bakteria ndani ya wiki moja, na majimaji ya uboho wa mfupa humtoa pale damu inaposhindwa.

Bakteria akishaota, mlango umefunguka. Njia ya zamani ya kumbainisha hutazama tabia zake: je, anahitaji kaboni dioksidi ili aote, je, anatoa gesi ya salfidi ya hidrojeni, je, anavumilia rangi za thionini na fuksini, anagandishwa na seramu ya A au ya M (kila moja ina kingamwili za umbo moja la ule mnyororo wa sukari), na anapasuliwa na faji gani, yaani virusi wanaoua bakteria. Nikupe mfano unaohusu zizi lako moja kwa moja. B. abortus baiova 3 na B. melitensis baiova 3 zote huota kwenye thionini na kwenye fuksini, kwa hiyo anayetegemea rangi peke yake hawezi kuzitenganisha. Lakini ile ya ng'ombe hutoa salfidi ya hidrojeni na kuigeuza nyeusi karatasi yenye madini ya risasi iliyoning'inizwa mdomoni mwa mrija, ile ya mbuzi haitoi. Ile ya ng'ombe hugandishwa na seramu ya A tu, ile ya mbuzi na zote mbili. Na faji wa Tbilisi, kwa kipimo chake cha kawaida, huipasua B. abortus akaiacha B. melitensis nzima. Kazi hii huchukua siku nyingi na inahitaji jicho lililozoea, na kwa sababu hiyo maabara nyingi sasa huanza na Bruce-ladder kwa bakteria walioota, halafu hurudi kwenye tabia pale tu majibu yanapogongana. Naona huo ni utaratibu mzuri.

Hapo utakuwa umepata jibu la nusu ya swali lako. Ikiwa ng'ombe na mchungaji wote watatoa B. melitensis, mbuzi watakuwa washukiwa wakuu, kwa kuwa hiyo hukaa hasa kwa mbuzi na kondoo, na ng'ombe anayelala nao huipata kutoka kwao. Hata hivyo spishi peke yake haimwambii mtu ni mnyama yupi aliyemwambukiza: ng'ombe akishaipata B. melitensis huitoa kwenye maziwa kama mbuzi, na mchungaji wako aliyashika makondo ya ng'ombe. Ili kwenda mbali zaidi inabidi kulinganisha nasaba, yaani ukoo mmoja mmoja ndani ya spishi. Kipimo cha MLVA huhesabu marudio ya vipande vifupi vya vinasaba katika sehemu 16 za jenomu, na baadhi ya sehemu hizo hubadilika haraka kiasi cha kutenganisha mlipuko mmoja na mwingine. Kusoma jenomu nzima hutazama tofauti za herufi moja moja, na ndiyo njia kali kuliko zote tulizo nazo. Nasaba ya mchungaji ikitofautiana na ya ng'ombe kwa herufi chache sana, huku nasaba za mazizi mengine ya jirani zikitofautiana nazo kwa herufi nyingi, una sababu nzuri ya kusema kwamba maambukizi yalitoka katika zizi hilo. Sharti hilo la mazizi ya jirani ni muhimu. Bila nasaba za kulinganisha, kufanana kunaweza kumaanisha tu kwamba eneo zima lina ukoo mmoja. Na hata kukiwa na kufanana kamili, jenomu haisemi daima nani alimpa nani. Mwelekeo huo mara nyingi utautoa kwenye daftari lako la tarehe, la nani aliingizwa zizini lini, na nani alizaa lini.

Bado kuna swali ambalo hukuniuliza, nalo lazima lijibiwe kabla ya matibabu ya mchungaji kupangwa: je, kuna mnyama yeyote aliyechanjwa? Chanjo za brusela ni bakteria hai waliopunguzwa makali, na wanaweza kumwingia mtu kwa sindano iliyomchoma kwa bahati mbaya au kwa maziwa mabichi. Chanjo ya mbuzi na kondoo iitwayo Rev.1 haisikii streptomaisini. Chanjo ya ng'ombe RB51 haisikii rifampisini, na pia haina ule mnyororo wa sukari, kwa hiyo mtu aliyeambukizwa nayo anaweza kuwa mgonjwa huku Rose Bengal ikitoa jibu hasi. S19 hutambuliwa kwa kipande kilichokatika katika jeni zake za kuvunja erithritoli, aina ya sukari iliyomo kwenye kondo. Bruce-ladder huzitofautisha zote 3 na bakteria wa porini. Matibabu ya kawaida ya mtu mzima ni doksisaiklini kwa wiki 6 pamoja na streptomaisini au jentamaisini mwanzoni, au pamoja na rifampisini kwa wiki zote 6, iwe ni B. abortus au B. melitensis. Kwa hiyo daktari wake hana haja ya kusubiri jina la spishi ili aanze, mradi damu ya kuotesha imekwisha kuchukuliwa, lakini ana haja kubwa ya kujua leo kama Rev.1 au RB51 imetumika katika zizi hilo.

Mpeleke mchungaji hospitali wiki hii akiwa na barua yako inayotaja utupaji mimba, jibu la Rose Bengal na historia ya chanjo, na barua hiyo iombe damu ioteshwe kabla ya dawa. Maziwa yote ya zizi yachemshwe, ya mbuzi pamoja na ya ng'ombe. Chukua sasa maziwa ya ng'ombe wale watatu na ya mbuzi waliozaa karibuni, uyatume kwa ajili ya kuotesha, ukiomba bakteria atakayeota apimwe kwa Bruce-ladder na ahifadhiwe kwenye jokofu la nyuzi hasi 80, ili siku bakteria wa mchungaji akipatikana jenomu zao zisomwe kwa pamoja. Na uache zizini glavu, chupa safi, sindano na kasha la barafu, kwa ajili ya ng'ombe wa nne.